Ndaga wa Mguu Mweusi

Kila asubuhi, kabla kengele ya mstarini haijalia, Devota Kalinga alikuwa na kazi ambayo hakuna mwanafunzi mwingine wa darasa la tano aliyekuwa nayo. Alivuka njia ya vumbi inayotenganisha nyumba ya bibi yake na shule, akafungua chumba cha darasa la awali, akatoa nje makopo ishirini na manne na kuyapanga juani kando ya ukuta. Jioni aliyarudisha ndani. Mwezi wa saba na wa nane pale Ipogolo hauna mchezo. Baridi inateremka na upepo kutoka mlimani, na chochote kichanga kilichoachwa nje usiku kinaamka kimejikunja. Halafu kuna mbuzi wa mtaani, ambao hawaogopi mtu wala uzio.

Katika kila kopo mlikuwa na mche wa haragwe. Hayo hayakuwa maharage ya mboga. Yalikuwa maharage ya sikukuu.

Mwalimu Faustina wa darasa la awali hakuamini kwamba mtoto wa miaka mitano anafundishika akiwa amefunga mikono na kukaa kimya. Chumba chake kilikuwa na kelele kuliko stendi. Kona moja ilikuwa duka, na fedha yake ilikuwa vizibo vya soda. Kona nyingine ilikuwa jiko, na humo watoto walipika ugali wa matope asubuhi nzima. Sikukuu nazo zilichezwa. Siku ya Muungano ilipokaribia, watoto walileta udongo mwekundu na udongo mweusi wakauchanganya katika chungu kimoja. Idi ilipokuja, walipika pilau ya majani wakakaribishana nyumba kwa nyumba, yaani meza kwa meza. Sasa Nanenane, sikukuu ya wakulima, ilikuwa inabisha hodi, na mwalimu alikuwa ameahidi maonyesho. Siku moja kabla ya sikukuu yenyewe, wazazi wangealikwa, na kila mtoto angesimama mbele na zao lake, alitaje jina lake na kuhesabu majani yake.

Maharage yenyewe yalianza kama mchezo. Mwalimu alimwaga mezani mchanganyiko alioununua sokoni, mekundu, meupe, ya njano na yale ya madoadoa, akawaambia watoto wayapange kwa rangi katika trei za mayai. Baada ya hapo kila mtoto alichagua moja, akalipanda kwenye kopo lake na kulipa jina. Kwa kuwa hawakujua kuandika, kila mmoja alichora picha kwenye kopo. Haragwe la Marta, msichana mdogo mwenye maneno mengi, liliitwa Sukari. Kulikuwa na Simba, Bajaji, na jingine lililoitwa Mjomba Obeid.

Na kulikuwa na Ndaga.

Ndaga lilikuwa haragwe la Gwakisa. Mtoto huyu alikuwa amehamia Ipogolo mwanzoni mwa muhula, akitokea kijijini huko juu ya Tukuyu, mkoani Mbeya. Mama yake aliuza ndizi kando ya barabara kuu. Gwakisa hakuwa mkorofi, lakini tangu aanze shule alikuwa hajasema neno hata moja. Kiswahili alikisikia kidogo tu, na Kihehe cha wenzake hakukisikia kabisa. Siku ile ya kuchagua mbegu, alichokonoa katikati ya lundo mpaka akapata haragwe moja jeusi tii, peke yake katika mchanganyiko wote. Mwalimu alipomwekea kiganjani, Gwakisa alitazama chini akasema kwa sauti ndogo, "Ndaga."

"Ndaga!" Mwalimu Faustina alifurahi. "Limeshapata jina! La Gwakisa linaitwa Ndaga!"

Darasa zima likapiga makofi. Gwakisa aliwatazama mmoja mmoja, akatazama haragwe lake, akalifumba kiganjani. Tangu hapo haragwe likawa Ndaga.

Kazi ya makopo Devota aliipata kwa kunyoosha mkono juu kuliko wenzake. Mwalimu Faustina alikuja darasa la tano akitafuta mtu anayeishi karibu na anayejua mambo ya shamba. "Mimi, mwalimu! Bibi yangu ana vinyungu!" Devota alisema. Vinyungu ni zile bustani za bondeni ambazo watu wa Iringa huzilima kiangazi, mahali udongo unapobaki na unyevu. Bibi yake Devota alikuwa na vinyungu vitatu kandokando ya mto, na mjukuu wake alijua kupanda, kupalilia na kuhamisha miche. Alikabidhiwa makopo na ufunguo. Watoto wa awali walimwita Dada Makopo, na ingawa Devota alijifanya kukasirika akiitwa hivyo mbele ya wenzake, ukweli ni kwamba alilipenda jina hilo mno.

Basi ikafika Jumamosi, siku nne kabla ya maonyesho.

Asubuhi Devota alitoa makopo kama kawaida. Alasiri rafiki yake Juliana alikuja mbio, ana jasho, mpira wa soksi mkononi. "Devo, twende rede! Tumepungukiwa mmoja tu!"

"Nina makopo yangu."

"Makopo yana miguu? Yatakukimbia? Raundi moja tu."

Raundi moja ikawa mbili, na mbili zikawa sita. Siku hiyo Devota alikuwa moto. Alikwepa mpira mpaka wenzake wakachoka kurusha. Aliporudi nyumbani giza lilikuwa limeshaingia, magoti yamejaa vumbi. Alioga, akala, akalala usingizi mzito. Hakukumbuka hata kopo moja.

Alikumbuka Jumapili asubuhi akiwa anafunga kamba ya kiatu. Bibi alikuwa ameshatangulia kanisani kwa mazoezi ya kwaya. Devota aliacha kiatu kimoja hakijafungwa, akakimbilia shuleni. Makopo sita yalikuwa yamelala ubavu. Mengine yalisimama, lakini ndani yake kulikuwa na visiki tu, vimekatwa safi, na kandokando yake vinyesi vya mbuzi vimetapakaa. Sukari amekwenda. Simba amekwenda. Mjomba Obeid hakuacha hata jani la kumlilia.

Devota alikaa chini akalia. Alilia kwa ajili ya watoto, hilo ni kweli, lakini tusimpambe. Alilia zaidi kwa ajili yake mwenyewe. Akilini alimwona Mwalimu Faustina akinyoosha mkono kuudai ufunguo. Alimwona mwanafunzi mwingine akiitwa Dada Makopo. Na hapo, badala ya kwenda kwa mwalimu, ambaye alikaa nyumba ya tatu tu kutoka pale, akafuta machozi na kuchukua beseni.

Kule bondeni maharage ya bibi yalikuwa na umri uleule, yamepangwa mistari minne iliyonyooka. Devota alifanya kama alivyofundishwa. Alichokoa kwa kijiti kuzunguka mche, akauinua pamoja na donge la udongo wake ili mizizi isishtuke, akaulaza taratibu kwenye beseni. Miche ishirini na minne. Alirudi, akavimwaga visiki pamoja na udongo wake kwenye lundo la takataka nyuma ya darasa, chini ya mgomba, akapanda upya na kumwagilia. Alipomaliza alirudi nyuma hatua tatu akatazama. Ilikuwa kazi safi, na kama ingekuwa ya haki angestahili kusifiwa.

Jumatatu watoto walimiminika nje kuona maharage yao, na Devota akajisogeza karibu ili aone mambo yatakavyokwenda.

"Sukari wangu amenenepa!" Marta alipiga kelele. "Jamani njooni mwone, amenenepa!"

Kila mtoto alitafuta picha yake, akafurahi. Devota akashusha pumzi. Ndipo alipomwona Gwakisa. Mtoto yule alikuwa amechuchumaa mbele ya kopo lenye picha ya ndizi, ameinamisha kichwa mpaka shavu limegusa ardhi, anachungulia chini ya majani. Alikaa hivyo muda mrefu. Halafu akasimama, akalisukuma kopo pembeni kwa mkono.

"Huyu si Ndaga," alisema.

Ua zima liligeuka kumtazama. Gwakisa ameongea! Mwalimu Faustina alikuja mbio akampigia magoti. "Umesema nini, baba? Sema tena!"

"Huyu si Ndaga. Ndaga mguu yake nyeusi."

Mwalimu alitazama mche. Shina lilikuwa la kijani. Alitazama na mingine yote, yote ya kijani. "Ni Ndaga, Gwakisa. Ona picha yako ya ndizi. Haragwe halina mguu mweusi."

"Ndaga iko nayo."

"Mwongo!" akasema mmoja. "Gwakisa mwongo!" wakadakia wengine, kwa furaha ile ya watoto waliopata neno jipya la kuimba. Mwalimu aliwanyamazisha, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Gwakisa aligeuka huku na huku. Macho yake yakamwangukia Devota, na uso wake ukachangamka.

"Dada Makopo anamjua Ndaga," alisema, akimnyooshea kidole.

"Haya, tumuulize," mwalimu akasema. "Devota, wewe ndiye unayeyatunza kila siku. Kulikuwa na haragwe lenye mguu mweusi?"

Devota alitazama makopo. Alikuwa ameuona mguu ule zaidi ya mara kumi. Ndaga lilitokana na mbegu nyeusi, na shina lake, kuanzia ardhini hadi kwenye majani ya kwanza, lilikuwa la zambarau iliyokolea, karibu nyeusi. Siku moja yeye na Gwakisa walilitazama pamoja, vichwa vimegusana.

"Sijaona, mwalimu," alisema.

Gwakisa hakulia. Alimtazama Devota kidogo tu, kisha akaingia darasani, akajikunyata chini ya meza ya duka la vizibo. Alibaki huko mpaka saa ya kurudi nyumbani.

Jioni ile Devota alimkuta bibi amesimama mlangoni, jembe begani. "Kamwene, Bibi," alimsalimu. Bibi aliitikia salamu, akakaa kwenye kigoda, akavua viatu polepole.

"Maharage yangu yameng'olewa," bibi alisema. "Mistari miwili karibu yote."

"Labda ni ngedere, Bibi."

"Labda." Bibi aligonga udongo uliogandamana kwenye soli. "Lakini ngedere ninaowajua mimi hung'oa wakatupa. Huyu amechokoa kwa kijiti, akainua mche na donge lake. Ni ngedere aliyefundishwa kazi vizuri."

Bibi aliinuka. Aliingia jikoni kuchochea moto, na usiku ule Devota aliacha chakula chake kwenye sahani.

Jumanne Gwakisa hakuja shule. Mchana, watoto walipotoka, bibi alimtuma Devota barabarani kununua ndizi. Devota angependa kutumwa mahali pengine popote. Mama Gwakisa alikuwa akizungumza na mteja, mikono ikipanga vichane, na nyuma ya matenga Gwakisa alikuwa amekaa juu ya gunia akitazama vidole vyake vya miguu.

"Huyu mtoto ananichosha," mama yake alikuwa akisema. "Siku zote naomba aongee, aongee. Siku anafungua mdomo, mwalimu ananiambia ameanza na uongo. Nimemgombeza jana mpaka sauti imekauka. Leo nimemwamsha aende shule, anasema haendi, anasema huko yeye ni mwongo. Na hayo maonyesho kesho niende nikafanye nini? Nikatazame mtoto aliyejificha chini ya meza?"

Devota alichukua ndizi akasahau kuaga. Njia nzima alikuwa akisikia neno lile moja. Yeye alikuwa amesema uongo akaendelea kuitwa Dada Makopo. Gwakisa alikuwa amesema kweli, kweli ya kwanza aliyowahi kuisema mbele ya watu, na malipo yake yakawa kuitwa mwongo hata na mama yake mzazi. Alipofika uani alikuwa analia waziwazi, kichane cha ndizi kimening'inia mkononi.

"Bibi, ngedere ni mimi."

"Najua," bibi alisema. "Nilikuwa nakusubiri. Keti."

Devota alieleza yote, tangu rede hadi ile "sijaona, mwalimu." Alipomaliza, bibi alimpokea kichane cha ndizi.

"Maharage yangu utayalipa kwa jembe, Jumamosi baada ya Jumamosi, mpaka nitakaposema basi. Hilo ni dogo. Lakini umechukua macho ya mtoto mdogo, macho yanayoona vizuri, ukayaambia hayaoni. Hapo sina jembe la kukupa. Hapo utatengeneza kwa mdomo wako mwenyewe, mbele ya haohao waliokusikia."

"Watanicheka, Bibi."

"Watakucheka, ndiyo. Na yeye walimcheka." Bibi aliinuka. "Hivyo visiki ulivitupa wapi?"

"Nyuma ya darasa. Chini ya mgomba."

"Na udongo wake?"

"Na udongo wake."

"Basi chukua kopo, twende wakati kuna mwanga. Mbuzi akila juu akaacha vile vipande viwili vinene vya mbegu chini ya shina, haragwe halijafa. Lina macho ya kuchipua hapo kwenye maungio."

Walichakura lundo lile kwa mikono, bibi upande mmoja na mjukuu upande mwingine, katikati ya maganda na vumbi la chaki. Visiki vingi vilikuwa vimenyauka na kulegea. Devota alianza kukata tamaa. Kisha, chini ya ganda bichi la mgomba lililokuwa limeweka unyevunyevu, vidole vyake vikagusa kitu kigumu. Alikiinua na udongo wake. Kilikuwa kisiki kifupi kama kidole, cha zambarau iliyokolea, na kwenye maungio, kiasi cha chembe ya mtama, kulikuwa na kijani kipya kimechomoza.

"Bibi! Mguu mweusi!"

"Pole pole," bibi alisema, lakini naye alikuwa anacheka. "Usimshtue mgonjwa."

Kabla jua halijazama, Devota alipita kwanza kwa Mwalimu Faustina akasimulia kila kitu huku amesimama mlangoni. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho. Alijishika kichwa, akavaa kanga yake ya pili na kusema, "Twende kwa Mama Gwakisa. Mimi pia nina langu la kusema huko."

Siku ya maonyesho ua lilipambwa kwa mabua ya mahindi na bendera za karatasi. Wazazi walikaa kwenye madawati yaliyotolewa nje. Watoto walikuwa na kofia za magazeti, wengine wakulima, wengine wafugaji, na mmoja alikuwa trekta. Gwakisa alikuja ameshikwa mkono na mama yake, kichwa chini. Kabla ya lolote, Mwalimu Faustina alimwita Devota mbele.

Devota alijikaza kisabuni. "Maharage mliyonayo siyo mliyoyapanda," aliwaambia watoto. "Ya kwenu yaliliwa na mbuzi, kwa sababu niliyaacha nje nikaenda kucheza. Niliona aibu, nikachukua ya bibi yangu nikayaweka humo. Gwakisa peke yake ndiye aliyeona. Mwalimu aliponiuliza, nilisema sijaona. Nilikuwa nimeona. Ndaga alikuwa na mguu mweusi. Mwongo ni mimi."

Marta alitazama kopo lake, mdomo wazi. "Kwa hiyo Sukari ameliwa na mbuzi?"

"Ndiyo, Marta. Nisamehe."

Midomo ya watoto wawili watatu ilianza kutetemeka. Mwalimu Faustina alisimama haraka kando ya Devota.

"Na mimi nina kosa," alisema. "Gwakisa aliniambia alichokiona, na badala ya kuchunguza nikamwambia haiwezekani. Kuna maharage yenye mguu mweusi. Mimi sikujua, yeye alijua. Gwakisa, nisamehe, baba."

Watu wazima waliokaa kwenye madawati walitazamana. Si kila siku mwalimu anamwomba radhi mtoto wa awali mbele ya umati.

"Sasa sikilizeni, ninyi wadogo na wewe Devota," mwalimu akaendelea. "Kusahau ni kosa, lakini kosa la kusahau lingeisha siku ileile. Tungelia kidogo, tungepanda tena. Uongo ndio ulioliongeza. Ulikwenda mpaka shambani kwa bibi, ukaja mpaka darasani, ukamkalia mtoto ambaye hakuwa amefanya lolote. Ukikosea, sema mapema, kosa likiwa bado dogo na ni lako peke yako. Devota amechelewa, lakini amesema. Ndiyo maana sitamnyang'anya ufunguo. Atatunza makopo haya mpaka yazae, na safari hii nitapita kukagua."

"Mwalimu," Marta aliuliza, machozi yameshakatika, "mbuzi walikuwa wangapi?"

"Hatujui."

"Naomba niwe mbuzi!"

Ndivyo maonyesho yalivyoanza na igizo ambalo halikuwa kwenye ratiba. Watoto watano waliinama wakawa mbuzi, wakalia mee na kutafuna hewa. Wengine walichuchumaa wakawa maharage, wakaliwa huku wanacheka. Devota alicheza Devota, akaambiwa mara tatu, "Dada Makopo, turudishe ndani!" mpaka akawabeba mmoja mmoja hadi mlangoni. Baba mmoja aliyekaa mwisho alicheka mpaka akakohoa. Kisha kila mtoto akalitaja haragwe lake jipya, na Marta akatangaza kwamba lake linaitwa Sukari wa Pili.

Zamu ya Gwakisa ilipofika, hakusogea. Devota aliingia darasani, akatoka na kopo lenye picha ya ndizi, akachuchumaa mbele yake na kumkabidhi. Gwakisa alilipokea kwa mikono miwili. Aliinamisha kichwa, akachungulia. Akagusa kisiki kwa ncha ya kidole. Akagusa na kile kijani kidogo, ambacho tangu jana kilikuwa kimefunguka kikawa majani mawili.

"Ni yeye!" alipiga kelele, na wote wakamsikia hadi mwisho wa madawati. "Mama, ni yeye! Mguu nyeusi! Majani moja, mbili!"

Makofi yakalipuka. Mwalimu Faustina alifuta macho kwa upindo wa kanga. "Haya, mwambie kila mtu jina lake."

Gwakisa alimtazama mama yake, akasita. Mama Gwakisa alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja.

"Mwalimu, mtanisamehe," alisema. "Kila siku nasikia Ndaga, Ndaga, nikadhani mmejifunza kwake neno la kwetu. Ndaga siyo jina. Kwetu Unyakyusa ndaga ni asante. Siku ile ulipompa mbegu alikuwa anakushukuru tu."

Ua zima liliangua kicheko, na safari hii Gwakisa naye alicheka, meno yote nje.

"Kumbe tulikuwa na haragwe linaloitwa Asante!" mwalimu alisema. "Basi, mwenye haragwe, tuambie. Tulibadilishe jina au libaki hilohilo?"

Gwakisa alifikiri. "Libaki," alisema.

Alilikumbatia kopo kifuani kwa mkono mmoja. Kisha akaja mpaka pale Devota alipokuwa amechuchumaa bado, akamshika bega kwa mkono ule mwingine.

"Ndaga, Dada Makopo," alisema.

Na safari hii hakuna aliyedhani anataja jina la haragwe.